Chupa Nane Kwenye Kreti

Vijana wangu wa Tulia,

Jumapili ile mlipokuja kwangu baada ya ibada mlikuwa sita kwenye benchi la watu wanne, na bado Mwende, mwenyekiti wenu, alisema mtakaa dakika tano tu. Mlikaa mpaka chai ikaisha na mkate ukafuata. Mlitaka niwaandikie mambo ya kazi, ili kikundi chenu cha kutembeza wageni kianze vizuri. Mlinionyesha ratiba: siku tatu kwenye hifadhi ya nyika, siku tatu kwenye visiwa vya kaskazini mwa pwani, wageni wanane, gari moja. Niliipenda, maana ndiyo ratiba niliyoizunguka miaka ishirini na miwili, kwanza kama mpishi halafu kama mwongozaji, mpaka magoti yakaomba kustaafu kabla yangu.

Kisha mkanionyesha orodha ya manahodha wa boti. Jina la pili lilikuwa limekatwa kwa kalamu nyekundu. Nikauliza kwa nini, na Mutua akanijibu kwamba huyo Lali mmesikia aliwahi kumwacha mgeni baharini maji yakijaa, kwa hivyo hamwezi kumpa kazi.

Niliwarudishia karatasi yenu. Mkadhani nimechoka, mkaniaga kwa adabu. Sikuwa nimechoka. Jina hilo limekatwa kwa sababu yangu mimi, na kabla hamjaajiri mtu mwingine lazima niwaeleze ilivyokuwa. Lakini mliomba mambo ya kazi, kwa hivyo nitayapitia njiani. Mtu wa umri wangu akikimbilia kosa lake moja kwa moja bila kuzunguka kidogo, mjue anaumwa.

Tuanze na nyika. Wageni wanakuja wakiwa wameona picha, na picha haina vumbi. Waambieni mapema wafunge kamera zao kwenye mifuko, na wafunge nywele. Halafu waambieni ukweli kuhusu wanyama. Hifadhi yetu si ile ya kwenye kalenda, ambapo simba amelala kando ya barabara kama mbwa wa polisi. Huku unaweza kuendesha gari asubuhi nzima ukaona dikidiki na mke wake. Mgeni akianza kuangalia saa, simamisha gari, mshushe pale ambapo askari wa hifadhi ameruhusu, umwonyeshe nyayo na kinyesi. Mwambie huyu alipita alfajiri, huyu jana, huyu ana mtoto. Nimeona watu wazima wakipiga magoti kwenye mchanga kwa furaha kuangalia kinyesi cha tandala. Na tandala mwenyewe msimtafute mzima, kwa sababu mistari yake inafanana na vivuli vya matawi. Tafuteni sikio linalocheza.

Chakula nacho kina somo lake. Mwaka wangu wa kwanza nikiwa mpishi niliwapikia wageni ndengu, choroko zetu za kijani, jioni ya kuamkia safari ya pwani. Walizisifu, wakaongeza. Kesho yake tulifunga vioo kwa sababu ya vumbi na tukasafiri kwa muda wa saa saba. Sitaeleza zaidi. Mzee Kilonzo, dereva wetu, hakunisemesha mpaka tulipoona minazi, na alipofungua mdomo alisema tu kwamba ndengu ni chakula cha kurudi nyumbani, si cha kwenda.

Huyo Mzee Kilonzo ndiye aliyenifunza kazi. Alikuwa mtu wa Tawa, mwembamba, anavaa sweta hata kwenye joto la kukausha mate. Alijua kusoma mito yetu ya mchanga kuliko watu walioisomea. Alinionyesha mahali tembo wamechimba, akaniambia tungoje waondoke, tuchimbe kando yao, tumwage maji ya kwanza na ya pili, ya tatu ndiyo tuchemshe. Alinikataza kabisa kuweka kambi ndani ya mto mkavu, hata mbingu ikiwa safi, kwa sababu mvua inaweza kunyesha milimani na mto ukakufikia ukiwa umevaa nguo za kulalia. Alijua kwa sababu lilimpata. Mto ulichukua jiko, viti na sufuria kubwa ya wageni. Miezi miwili baadaye, akipita kwenye duka la Mama Habiba, lile la karibu na lango la hifadhi ambapo tulinunua maziwa ya ngamia, aliikuta sufuria yake jikoni ikichemsha nyama. Mama Habiba akamwambia ililetwa na mto na yeye hana ugomvi na mto. Walielewana mwishowe. Sufuria ilirudi, lakini kila safari tulilazimika kusimama pale kunywa chai, na hiyo ikaingia kwenye ratiba kama kitu tulichokipanga.

Sasa nifike kwenye hesabu.

Susu wangu, mama yake mama, hakuruhusu mtu ahesabiwe. Mbuzi pia hawakuhesabiwa. Wakirudi jioni ulisimama langoni ukawatazama, na kama mmoja hayupo ulimkosa kwa sura yake. Kunyoosha kidole na kusema mmoja, wawili, watatu, kwake ilikuwa ni kuita kitu kije kipunguze. Mwalimu akiniuliza shuleni tuko wangapi kwetu, nilikuwa namtajia majina na kumwacha ajumlishe mwenyewe.

Mimi nimeokoka tangu kidato cha pili. Nilisimama mbele ya kanisa nikasema hayo ya zamani nimeyaacha, na niliyaacha kweli, isipokuwa hilo moja. Nilipoanza kazi ya wageni, kila nikitaka kuwahesabu kidole kilikataa kunyooka. Mzee Kilonzo aliniona nikihangaika kando ya gari, nanyoosha mkono na kuurudisha mfukoni. Akacheka kidogo. Yeye alikuwa shemasi, lakini ugonjwa wake ulikuwa ule ule wangu.

"Mtu hahesabiwi," akaniambia. "Hesabu kitu yake."

Yeye mwenyewe alihesabu viatu nje ya mahema, na mchana alihesabu kofia. Mimi nikachagua chupa, kwa sababu maji yalikuwa chini yangu. Kila mgeni nilimpa chupa ya bati yenye uzi wa rangi yake shingoni. Sheria ilikuwa moja: chupa inarudi kwenye kreti ukiwa unapanda gari. Kreti ikiwa na chupa nane, tunaondoka. Miaka yote ile mbinu haikuniangusha, na nilijisifu nayo. Wageni waliipenda, wengine walipiga picha ya kreti. Hakuna aliyejua kwamba chini ya ile mbinu nzuri kulikuwa na susu wangu na kidole changu kinachokataa.

Sikufikiria kwamba ilifanya kazi kwa sababu ya nyika. Nyikani hakuna mtu anayeachana na maji yake. Visiwani watu wanaachana na kila kitu: viatu, kofia, wengine hata haya.

Mwaka huo nilikuwa nimepandishwa cheo miezi minne tu. Nilikuwa mwanamke wa kwanza kuwa mwongozaji pale kwenye ofisi ya kampuni yetu, na wapo waliongoja nikosee, hata hawakujificha. Kundi lilikuwa la watu wanane. Saba walikuwa wageni wa ng'ambo wapenda ndege, watu wapole wenye darubini. Wa nane alikuwa Mwalimu Ndunge wa Nunguni, mwalimu mkuu aliyestaafu, ambaye wanafunzi wake wa zamani walimchangia safari kwa sababu hakuwahi kuiona bahari. Kule Nunguni kuna baridi na ukungu na kabichi, na Mwalimu alikuja na masweta matatu. Goti lake moja lilikuwa bovu. Kuogelea hakujua, na alilisema hilo siku ya kwanza, kwa sauti ya kusoma tangazo paredi.

Nahodha wetu alikuwa Lali. Wakati huo alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, mtaratibu, shati limepigwa pasi hata akiwa anamimina mafuta kwenye injini. Boti ya pili iliendeshwa na shemeji yake, Omari. Lali alitupeleka kwenye fungu, yaani kile kilima cha mchanga kinachotokeza baharini maji yakipwa na kupotea yakijaa. Ndege wa baharini hutua pale kwa mamia, na ukiwa na bahati kasa huinua kichwa karibu nawe, anakuangalia kama jirani aliyesikia kelele. Kabla hatujashuka Lali aliniambia kwamba siku hiyo ni bamvu, maji ya mwezi mpevu, yanayopwa mbali na kurudi kwa nguvu. Saa sita kamili tunaondoka, akasema. Nyinyi leo mna simu inayowaambia saa ya maji kujaa na kupwa. Sisi tulikuwa na Lali, na sijawahi kumwona akikosea.

Hapa ndipo mjifunze kunisoma vizuri. Mimi mtu wa mito ya mchanga niliutazama ule mchanga nikaona ni mwenzangu. Nilitazama juu, hakuna wingu. Nilisikiliza, hakuna mngurumo. Kwetu maji yakija unayasikia, na moyoni nilikuwa nimeshaamua kwamba yatanibishia hodi. Bahari haibishi. Inaingia kama mtu wa nyumbani.

Ilipokaribia saa sita nilianza kuwakusanya. Mwalimu Ndunge alikuwa wa kwanza kurudisha chupa yake. Ndivyo alivyokuwa, kitabu chake kilifika mezani kabla kengele haijalia. Aliiweka kwenye kreti ndani ya boti ya Lali, uzi wake wa kijani ukiangalia juu, halafu akakumbuka wamama wa kanisa waliomtuma maji ya bahari ya kukanda miguu. Mnawajua watu wetu, hawezi mtu kwenda pwani arudi mikono mitupu bila maji ya chumvi. Alichukua kichupa chake cha soda, akavuka mgongo wa fungu hadi upande wa pili, ambako maji yalikuwa safi zaidi. Hakumuaga mtu yeyote. Alidhani ni dakika moja.

Wageni walikuwa wakitafuta viatu, wakipanda, wakihama kutoka boti hii kwenda ile kwa sababu ya kivuli. Nilitazama kreti. Chupa nane.

"Dada Mwikali, watu wametimia?" Lali akaniuliza.

"Wametimia."

Hayo ndiyo maneno yote yaliyosemwa. Aliniuliza, nikamjibu, tukaondoka. Waliokuwa kwenye boti yetu walidhani Mwalimu yuko kwa Omari, wa kwa Omari wakadhani yuko kwetu, na mimi sikudhani chochote kwa sababu kreti ilikuwa imejaa.

Tulitumia kama dakika ishirini kufika kisiwa kikubwa, ambako mpishi alikuwa ameandaa samaki mmoja kwa kila mtu. Wageni waliketi. Mpishi alizunguka na sahani, akafika mwisho wa meza na sahani moja mkononi. Akauliza huyu samaki ni wa nani.

Nakumbuka niliitazama ile sahani nikashindwa kufikiri. Lali hakuhitaji kufikiri. Alikuwa amesimama kwenye kivuli anakunywa maji. Aliliweka lile kopo chini bila haraka, halafu akakimbia. Sijawahi kuona mtu anakimbia hivyo kwenye mchanga mwepesi. Nilimfuata, nikaingia botini nguo zikiwa zimelowa. Nilikuwa naomba, lakini kila nikianza sala nilijikuta nahesabu dakika.

Fungu lilikuwa limepotea. Palikuwa na maji tu, na ndege wachache wanazunguka juu wakitafuta pa kutua, na katikati ya maji Mwalimu Ndunge amesimama wima, maji kiunoni, mkoba kichwani, kichupa cha soda mkononi. Midomo yake ilikuwa inacheza. Nilidhani anaimba wimbo wa kanisa. Tulipokaribia nikamsikia: alikuwa anahesabu mawimbi kwa sauti, na alikuwa amepita mia tatu.

Lali alizima injini, akaruka. Pale alipotua, pembeni mwa fungu, maji yalimfika kifuani.

"Samahani, mama, itabidi nikushike."

"Shika," Mwalimu akasema.

Alimbeba begani mpaka kwenye boti, nami nikamvuta. Nilimfunga kwa khanga yangu. Hakulia, mimi ndiye niliyelia. Alipopata pumzi alinigeukia, akaniuliza kwa upole ambao naukumbuka mpaka leo.

"Mwikali wakwa, mtoto wangu, wewe ulinihesabu?"

"Nilihesabu, Mwalimu. Mlikuwa wanane."

Aliitazama kreti. Ilikuwa pale miguuni pake, na chupa yenye uzi wa kijani ilikuwa juu. Aliitazama muda mrefu, kisha akafumba macho.

Jioni hiyo ofisi ilipiga simu. Walitaka kujua jambo moja, ni nani aliyetoa ruhusa ya kuondoka, na walitaka kwa maandishi. Nilikaa na karatasi. Ningeweza kuandika kwamba nahodha aliniuliza nikasema wametimia. Badala yake niliandika kwamba nahodha aliondoka kabla sijahakikisha watu. Sentensi moja. Nilijiambia si uongo mkubwa, kwamba yeye ni mtu wa bahari na atapata kazi nyingine kesho, na mimi nikifukuzwa hakuna mwanamke mwingine atakayepewa hii nafasi. Nilipanga sababu zangu vizuri, zote zilikuwa na mantiki.

Lali aliondolewa kwenye orodha wiki hiyo hiyo. Kampuni zingine zilisikia, kwa sababu habari za namna hiyo hazihitaji nauli. Nilimwona mara moja baada ya hapo, gatini, akipakia mifuko ya simiti. Alinisalimia. Nikangoja anitukane, hakunitukana.

"Dada, mimi nilikuuliza," akasema tu, akainua mfuko mwingine.

Nilifanya kazi miaka kumi na minne zaidi baada ya siku ile. Niliacha chupa. Nilijifunza kuhesabu kwa kidole, kwa sauti, mtu mmoja mmoja, jina na nambari. Nilifundisha waongozaji wengine kufanya hivyo, wakanisifu kwa umakini. Kila waliponisifu nilimkumbuka mtu wa simiti, na bado nilikaa kimya. Naona aibu kuliandika hili, lakini naliandika.

Mzee Kilonzo, Mungu amrehemu, nilimweleza yote alipokuwa mgonjwa. Aligeukia ukuta. Baadaye akasema yeye ndiye aliyenipa ile mbinu, kwa hivyo tugawane. Nilikubali wakati ule, kwa kuwa ilinifariji. Sasa naona haikuwa yake kugawa. Mbinu ilikuwa yake, lakini kalamu ilikuwa yangu.

Mlipoondoka kwangu Jumapili na ile orodha yenu, sikulala vizuri siku mbili. Jumatano nikaenda Nunguni.

Mwalimu Ndunge sasa anatembea na mkongojo, lakini sauti ni ile ile. Alinikaribisha jikoni kwenye moto, akanipa uji, akaniambia yale maji ya bahari wamama waliyamaliza kwa wiki moja na kila mmoja alisema goti limepona isipokuwa yeye aliyeyaleta. Nikamweleza. Nilikuwa nimejiandaa kwa maelezo marefu, na yalikwisha haraka sana.

"Nilijua," akasema. "Chupa yangu ilikuwa kwa ile sanduku. Nimefundisha miaka mingi, Mwikali. Mtoto akidanganya naona."

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Ofisi ilikuwa imemwandikia barua ya kuomba radhi na kumlaumu nahodha, ikamtumia na kofia, na angeweza kujibu.

"Nilikungoja useme mwenyewe. Mtu akijisemea, inamkaa." Aliutazama moto. "Lakini kungoja kwangu kulikuwa kunalipwa na yule mtu aliyenibeba. Hapo mimi pia nilikosa. Umeshamwambia?"

Sikuwa nimemwambia. Akanitolea karatasi na kalamu kwenye kabati, kama nilivyotarajia kwa mwalimu, nikaandika pale pale mezani kwake. Nakala moja imekwenda kwa ile kampuni, ambayo imebadilisha wamiliki lakini anwani ni ile ile. Nyingine imekwenda kwa chama cha manahodha. Ya tatu ni hii mnayosoma, ambayo imekuwa ndefu kwa sababu ya ndengu na sufuria. Mwalimu alizisoma mbili za kwanza, akasahihisha herufi moja, akatia sahihi yake chini kama shahidi.

Nambari ya Lali niliipata kwa Omari. Nilipiga jana mchana. Nilisikia injini, halafu injini ikazimwa. Nikamwambia jina langu, kisha nikasema yote bila kusimama, pamoja na ile sentensi, neno kwa neno kama nilivyoiandika, na barua mpya ya kuikana. Hakunikatiza. Nilipomaliza akaniuliza jambo moja.

"Yule mwalimu yu hai?"

"Yu hai. Anakusalimia."

"Alhamdulillahi." Kisha akaongeza: "Mimi sikusahau, dada, nisikudanganye. Na mke wangu ndiye hakusahau kabisa. Hiyo barua umeipeleka, au unanisomea tu?"

Nikamwambia imeshapelekwa, na shahidi ni Mwalimu mwenyewe. Akaniomba nimtumie picha ya barua, ili mke wake aisome kwa macho yake. Nikamtumia. Alisema kusamehe ni kitu ambacho atakaa nacho kwanza, na mimi nikasema sikupiga kuomba hicho. Nilipiga kwa sababu kuna vijana wa kwetu wanatafuta nahodha, na jina lake limekatwa kwenye orodha yao, na nitaliandika upya kwa mkono wangu. Akauliza ni watu wa namna gani. Nikasema ni wachapakazi, wanaongea sana, hawajui bahari hata kidogo.

"Wangapi?"

"Sita."

"Umewahesabu?"

Alisema bila kucheka, nami sikucheka. Nilikuwa peke yangu sebuleni, na lile benchi lilikuwa mbele yangu. Nikanyoosha kidole kwenye nafasi zenu, kwa sauti, ili asikie. Mwende mmoja. Mutua wawili. Nduku watatu. Musembi wanne. Abdi watano. Kasyoka sita.

"Nimewahesabu," nikasema.

"Basi waje."